Wamemjua Mpaka Ukoo Wake

"Tumempata," akasema Phoebe, kwa furaha ya mtu aliyemfumania mwizi ndani ya banda la kuku.

Mbeyu hakuiona furaha hiyo. Aliliona koti jeupe likisogea mbele ya dirisha jeupe, na weupe mwingine, ule uliokuwa umeota ndani ya jicho lake mwenyewe, ukavipaka vyote viwili rangi moja. Akainama, akaukinga uso kwa upindo wa leso, maana mwanga wa dirisha lile ulimchoma kama pilipili mbichi.

"Mmempata nani, mwanangu?" akauliza Gladys. Gladys alikuwa shoga yake wa kuvunja kokoto, na ndiye aliyemshika mkono tangu walipoteremka kwenye bodaboda hadi kiti kile cha plastiki katika kituo cha utafiti.

"Mdudu aliye ndani ya jicho la mama. Anaitwa amiba. Tumemsoma mpaka tumemjua."

Mbeyu akashusha pumzi ndefu. Tangu masika yaishe alikuwa akilala na kuamka na maumivu ambayo hakuna aliyekuwa na jina la kuyapa. "Alhamdulillahi, na Yesu asifiwe, na koma za wazee wetu zipoe," akasema, kwa kuwa alikuwa ameomba kila mlango na hakutaka kuusahau hata mmoja. "Basi mkishampata, mtoeni."

Hapo furaha ya Phoebe ikaanza kupungua.

Mwenye macho mawili hawezi kuyasikia maneno hayo kama Mbeyu alivyoyasema. Jicho lake la kushoto lilikufa angali mtoto, kwao Ganze, mwaka wa surua. Mwaka ule ilisemwa kwamba gari la chanjo liko njiani. Kisha ikasemwa limekwama mchangani. Kisha ikasemwa limefika, na watoto wote wamechanjwa, na mpaka leo ukimpata mkubwa yeyote wa wakati ule, kama bado ana meno ya kusemea, atakuapia kwamba lilifika. Watoto wa vijiji vile walizikwa wakilingojea. Mbeyu hakuzikwa. Alibaki na chongo, na tangu hapo kila alichokijua duniani kilimwingia kwa upande wa kulia: njia ya kwenda lamboni kuteka maji, mume, sura za wanawe, mahindi yaliyokauka kabla ya kubeba, na mwisho barabara ya kuja Kibarani, alipoambiwa kwamba mjini Kilifi hata mwanamke mjane hakosi kazi akiwa na nyundo.

Na kweli hakukosa. Karibu na Kibarani lipo chimbo la bwana mmoja, Kiponda, lichimbwalo mawe ya kujengea. Yale yaliyopasuka hayauziki, hutupwa kando, na huko kando ndiko wanawake huketi. Kila mmoja ana rundo lake. Hulitia jiwe ndani ya pete iliyokatwa kwenye mpira wa gurudumu, lisiruke, kisha hulipiga. Mgeni huona kazi ya nguvu. Si ya nguvu. Ni ya jicho. Jiwe la pwani lina mishipa, na usipoutazama mshipa wake kwanza ukalipiga kinyume, halitoki kokoto, latoka unga, na unga haununuliwi na mtu. Mbeyu na jicho lake moja alikuwa akiligeuza jiwe mara moja tu. Gladys mwenye macho mawili alikuwa akiligeuza na kuligeuza, mpaka wenziwe wakimcheka kwamba anatafuta jiwe la kuolewa nalo.

Chenga huruka. Hiyo ndiyo kazi. Na mtu akiingiwa na chenga jichoni haendi popote, kwa kuwa akienda rundo lake litalala. Huitupa nyundo chini, akainua uso, akasema, "Nipulize." Mwenziwe huchota maji kwa kopo, akajaza kinywa, akayafunua macho ya mwenye shida kwa vidole viwili, kisha akampulizia mle ndani kwa nguvu, mkondo mwembamba kama uzi. Chenga hutoka. Mtu hufuta uso kwa leso, akaendelea. Wamefanya hivyo tangu chimbo lilipofunguliwa, na waliofundishana hawakumbuki nani alianza.

Maji yenyewe ndiyo hayo ya shimoni. Mvua ikinyesha hutuama chini ya chimbo, penye mawe yaliyokwisha kuchongwa, na jua huyapasha yakawa vuguvugu kama uji wa mtoto, pembeni yamefanya kijani. Kisima cha karibu ni cha chumvi. Lakini usidhani kwamba chimboni hapana maji matamu. Yapo. Liko tangi kubwa jeusi la Kiponda, lajazwa na lori, na bomba lake lina kufuli. Maji yale ni ya kuchanganyia saruji ya matofali, kwa kuwa tofali likichanganywa kwa maji ya chumvi haliishi. Mambo yalivyo hapo ni kwamba tofali lina mtu wa kulionea huruma.

Basi siku ile, masika yakielekea kuisha, chenga ilimwingia Mbeyu katika jicho lake zima. Akasema, "Nipulize." Na aliyempuliza alikuwa Gladys.

Yaliyofuata yalifuatana kama kawaida ya watu wasio na kitu. Jicho likawa jekundu. Kache, binti yake, aliyekuwa ametoka kujifungua, akamkamulia maziwa ya kifuani mle jichoni, asubuhi na jioni, kama jicho la mtu linavyotibiwa tangu zamani. Halikusikia. Duka la dawa likampa tyubu. Halikusikia. Duka jingine likampa matone, na hayo yakafanya maajabu: wekundu ukaisha, Mbeyu akaimba akivunja mawe. Baadaye daktari wa macho alipoambiwa ni matone gani, alishika kichwa. Alisema yaliyanyamazisha macho yasilie, na mdudu akapata nafasi ya kula kwa amani. Maumivu yaliporudi yalirudi na ndugu zao wote. Yalimzidi ukubwa wa jicho, yalimzidi ukubwa wa kichwa. Na pale katikati ya jicho ikatokea pete nyeupe, kama alama ya kikombe juu ya meza.

Daktari huyo wa macho, jina lake Mwikali, alimkwangua kidogo juu ya kioo cha jicho akakipeleka alichokipata kwa hawa watafiti. Na sasa walikuwa wamempata.

"Njooni muone," akasema Phoebe, akawageuzia kompyuta. Alikuwa msichana wa bara, mpole, na Kiswahili chake kilitembea haraka kama mtu anayevuka barabara. "Huu ndio ukoo wao."

"Ni kama mti, dada," Gladys akamwambia Mbeyu. "Mti umeanguka ubavu, matawi yote yaelekea upande mmoja. Na kwenye ncha pana maandishi madogo madogo."

"Zamani wataalamu waliwapanga hawa wadudu kwa sura," akasema Phoebe. "Huyu akikosa chakula, au akihisi hatari, anajikunja na kujijengea ganda la kuta mbili. Walikuwa wanaangalia lile ganda. Hili lina pembe kama nyota, hili ni la mviringo, basi wakasema hawa ndugu, hawa si ndugu. Kumbe walidanganyika. Wengine sura moja, damu mbalimbali. Wengine sura mbali kabisa na ni mama mmoja."

"Hata kwetu mambo hayo yako," akasema Gladys. "Mtoto ana pua ya jirani, na baba mtu amenyamaza kimya."

Phoebe akacheka, na Mbeyu naye akacheka, ingawa kucheka kulimuuma. "Sasa sisi hatuangalii sura. Tunasoma vinasaba vyake, ile asili anayoirithisha watoto. Hapo hawezi kutudanganya."

"Na huyu wangu ni wa ukoo gani?"

"T4."

"Hilo ni jina, ama ni namba ya gari?"

"Ni jina la ukoo, mama. Koo ni nyingi, zimepewa namba. Nyingine hazina madhara. Nyingine zinapanda hadi kwenye ubongo wa mtu aliye dhaifu. Lakini T4 ndio wengi zaidi, na wengi wanaougua macho hivi, duniani kote, ni kwa sababu yake. Huko ng'ambo anawapata sana wale wanaovaa vioo vidogo ndani ya macho badala ya miwani."

"Vioo ndani ya macho!" Gladys akapiga kofi la mshangao. "Sisi hata vya nje hatuna. Huyo ametufuata kwa lipi?"

Mbeyu akausikia mkono wa Gladys aliokuwa ameushika ukitoa jasho.

"Daktari," Gladys akasema, na sauti ilikuwa imeshuka, "mliponikwangua mimi kinywani na ile pamba, siku mliyokuja chimboni. Mliona nini?"

"T4."

"Basi ni mimi."

"Hapana, mama. Subiri. Kwenye shimo la maji pia ni T4. Kwenye vumbi la mawe, T4. Tulichukua maji ya bomba hospitalini tukaona T4, na hata hapa kwetu, kwenye sinki. Yuko kila mahali, kwa watu wengi hafanyi chochote. Anangoja tu jicho lenye kidonda. Kama alitoka kinywani mwako, au majini, au alikuja na ile chenga yenyewe, sisi hatuwezi kusema. Ukoo tunaujua. Njia aliyopita hatuijui."

Gladys alitaka ahukumiwe au aachiliwe, moja. Hakupata hata moja. Akaanza kulia pasipo sauti, na Mbeyu akajua kwa mkono tu.

"Nyamaza, Gladys. Mimi ndimi niliyesema nipulize." Akageukia koti jeupe. "Sasa mwanangu, mdudu mmemjua. Baba yake mmemjua, mama yake mmemjua. Dawa yake?"

Phoebe akachukua simu. "Mimi si daktari wa macho, mama. Kazi yangu ni kujua ni nani. Ngoja nimpigie Daktari Mwikali, umsikie mwenyewe."

Sauti ya Mwikali ilitoka simuni ikiwa imechoka, nyuma yake watu wakiitana majina ya foleni. "Mama Kache, salama? Pole. Sasa nisikilize. Kuna matone ya kumuua huyo mdudu, lakini ganda lake ni gumu. Lazima utiwe kila saa, mchana na usiku, halafu uendelee miezi na miezi. Hapa hatuna. Mombasa nimeuliza, hawana. Nairobi kuna mtu amesema anaweza kuagiza nje, yanakuja kwenye barafu."

"Yatafika lini?"

"Sitaki kukudanganya."

"Na jicho litangoja?"

Kule hospitalini mtu aliita jina, akaliita tena. "Mama," akasema Mwikali, "likianza kutoboka tutalitoa, angalau maumivu yaishe. Uje Jumatatu nilitazame."

Simu ikakatika, au ilikatwa. Yote mamoja.

Mbeyu alibaki ameketi vilevile, mikono juu ya magoti, mikono iliyokauka kwa chokaa mpaka mistari ya viganja ikawa myeupe. Alikuwa akiwakumbuka waliokwisha kuja. Mtu wa hapa hukumbuka. Walikuja wa malaria, wakachukua damu. Walikuja wa minyoo, wakachukua kinyesi, watu wakaona haya lakini wakatoa. Walikuja wa kwashakoo, wakawapima watoto mikono kwa utepe wa rangi. Kila mara kitu kilijulikana. Kijijini kwao Ganze hapana mtu aliyekufa kwa ugonjwa usiojulikana kwa muda mrefu sasa. Wote wafa kwa magonjwa yenye majina mazuri.

"Kuna jambo lingine," Phoebe akasema, na aibu ilisikika. "Huyu T4 wenu ana tofauti ndogo na wengine tuliowahi kusoma. Ni tawi jipya. Tukimwandika, wenzetu wa dunia nzima watamsoma. Kawaida anapewa jina la mahali alipopatikana. Tulitaka kuwauliza, kwa heshima, mngependa aitwe nani."

Kwao Mbeyu jina halitupwi ovyo kama maganda ya muhogo. Mtoto hupewa jina la babu au la bibi, kwa mpango wa ukoo wa baba, ili aliyekwenda apate wa kumwitikia. Mtu akishapewa jina amewekwa mahali. Hawezi tena kuambiwa kwamba hatambulikani. Mbeyu akamfikiria mdudu yule akipewa kivuli cha mababu.

"Mwiteni Kiponda," akasema.

Gladys alicheka na machozi yake yalikuwa hayajakauka. Alijipiga paja. "Kiponda! Wallahi umempatia. Hula kimya kimya, na ganda lake gumu!"

"Jina la mtu aliye hai haliruhusiwi," akasema Phoebe, asijue kama acheke.

"Basi kwangu hamna jina. Kwetu mama hampi mtoto jina, latoka upande wa baba. Mwulizeni baba yake, yule aliyefunga bomba." Mbeyu akainuka, akapapasa mgongo wa kiti. "Lakini nionyesheni. Akaaye ndani yangu nisimjue sura, si haki."

Wakampeleka chumba cha ndani, chenye baridi. Phoebe akaiweka tayari hadubini, akamshika mabega polepole na kumwinamisha mpaka jicho lake likagusa mpira wa juu. Mwanga ukamwingia kama mwiba. Mbeyu akauma meno, asijitoe. Alitazama. Mbele yake palikuwa na maziwa, na ndani ya maziwa maziwa mengine.

"Unamwona? Yule anayetembea polepole, ana miiba midogo pembeni?"

Pumzi ya msichana ilikuwa karibu na shavu lake, imebanwa, kama ya mtoto aliyemletea mama yake mchoro. Miezi yote ile alikuwa amemtafuta mdudu huyu, na pengine hakukuwa na kingine cha kumpa mtu.

"Namwona," akasema Mbeyu. "Kumbe mdogo hivi."

Kisha Gladys naye akatazama, akatazama sana, wala hakusema neno la mzaha.

Wakati wa kuondoka Phoebe aliwafuata hadi mlangoni. Akasema watakuja tena chimboni wiki ijayo, na kama mama atakubali, wangependa kumkwangua tena kidogo, kwa sababu sampuli ya kwanza imekwisha. Kisha akaongeza, haraka zaidi, "Na tafadhali waambieni wenzenu wasiyatumie yale maji ya shimo machoni. Tafadhali."

Basi wakapitia chimboni, kwa kuwa waliagizwa.

Jua lilikuwa limesimama wima, na chimbo lote liliwaka weupe. Kwa Mbeyu ilikuwa kama kuingia ndani ya jicho lake mwenyewe. Alizijua nyundo kwa sauti. Ile ya haraka haraka ni ya Mbodze. Ile iliyosita ni ya yule msichana mgeni kutoka Malindi, aliyekuwa bado hajazoea kuitafuta mishipa. Ikasita. Haikuendelea.

"Nipulize, dada. Imeniingia."

"Njoo, inua uso." Hiyo ilikuwa sauti ya Mbodze, na kopo likagonga jiwe.

"Tema!" Mbeyu akapiga kelele. Hakuwaona walipo, akaelekeza uso popote. "Mbodze, tema hayo maji! Tema!"

Maji yakasikika yakimwagika, na Mbodze akikohoa na kucheka. "Mama Kache! Nusura unipalize. Kwani yana sumu?"

Gladys akawaeleza, kwa jinsi alivyoelewa: kwamba majini mna mdudu, kwamba ndiye aliyemla Mbeyu jicho, kwamba wamemsoma huko mpaka ukoo wake. Nyundo zote zikanyamaza. Wanawake wakasogea. Mmoja akataka kujua kama mdudu huyo ni wa kutumwa. Mwingine akasema maji yale yale wamepulizana miaka yote, mbona macho wanayo?

"Sawa, tumesikia," akasema Mbodze, na mzaha ulikuwa umemtoka. "Nisimpulize kwa hayo. Nimpulize kwa maji gani?"

Hapo kila mtu akageuka, wala hakuna aliyeonyesha kidole. Mbeyu alijua walikogeuka. Tangi jeusi ndilo kitu pekee chimboni humo ambacho jicho lake bado lilikiona, doa la giza ndani ya weupe wote ule. Na moyoni alijua, maana Phoebe alisema yuko kila mahali, kwamba hata mle ndani huenda yumo, amejifungia kwenye ganda lake akingoja. Hakulisema. Angalau yale yalikuwa maji yaliyofunikwa.

Gladys alimwendea Kiponda, aliyekuwa ameketi chini ya bati kando ya matofali yaliyopangwa.

"Bwana Kiponda, kikombe kimoja. Msichana ana chenga jichoni."

"Poleni. Mwenyewe nasikitika," akasema Kiponda, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwema, ndilo lililokuwa likiwaudhi. "Lakini maji yale ni ya tofali. Leo kikombe, kesho ndoo, kesho kutwa mwafua nguo. Lori likichelewa mimi nifanye nini?"

"Wale wa utafiti wamesema maji ya shimo yana mdudu."

"Waliniambia. Yangu nimeyapimisha, ni safi."

"Si ndiyo sababu twayataka!"

"Na ndiyo sababu nimeyafunga." Akageukia upande wa Mbeyu. "Na wewe, Mama Kache, pole sana. Ila nakuomba, usije ukakaa hapa katika hali hiyo. Ukianguka na mawe watasema mimi. Pumzika nyumbani mpaka upone."

Mbeyu alikuwa na maneno. Alikuwa na maneno ya tangu mwaka wa surua, ameyaweka, hayajachacha. Alifungua kinywa. Lakini nyuma yake msichana wa Malindi alikuwa akilia kwa lile jicho, akisema yamchoma, yamchoma, jamani fanyeni kitu, na kilio hicho kilimkata ulimi. Kwa kuwa alikijua. Mtu mwenye chenga jichoni hangoji Jumatatu.

Mbeyu akasikia miguu ya Mbodze ikiteremka mawe kuelekea shimoni, taratibu, kama ya mtu anayetarajia kuitwa arudi. Haikuitwa. Akasikia kopo likizama. Akasikia miguu ikipanda. Kisha ule unyamavu mfupi wa kinywa kilichojaa, na baada yake mpulizo, mwembamba, mrefu.

"Imetoka?"

"Imetoka. Asante, dada."

Nyundo zikaanza tena, moja, kisha nyingine.

Walifika nyumbani alasiri. Gladys alimfikisha mpaka kizingitini, akasema atakuja kesho na majani ya mchicha. Akaenda.

"Shikamoo, mayo," Kache akamwamkia mama yake kutoka ndani. "Wamesemaje?"

"Marahaba. Wamemjua."

"Alaa! Na dawa?"

Mbeyu alivua kandambili, akazipanga ukutani kwa kupapasa. Akaketi kwenye kigoda. Chumba kilikuwa na harufu ya maziwa na ya nguo za mtoto zilizoanikwa, na mlango ulikuwa ukiuleta mwanga wa alasiri, ule wa njano usiochoma.

"Mlete mtoto," akasema.

"Amelala."

"Mlete vivyo hivyo. Hapana, usinipe. Simama naye hapo mlangoni, panapoingia jua, nimjue sura."

Kache akasimama. Alikuwa na sufuria jikoni, na ugali haungoji, lakini akasimama, mtoto mikononi, mgongo umeegemea mwimo wa mlango. Mbeyu akavuta kigoda mbele, akavuta tena, mpaka magoti yake yakagusa ya bintiye. Akaondoa leso usoni. Jicho likaanza kutiririka, hakulifuta.

"Mayo, wamesema nini kuhusu dawa?"

"Mwinue kidogo."

Kache akamwinua.

"Sasa mgeuze. Huku kwangu."

Mtoto akajinyoosha, akakunja uso usingizini, akapiga chafya. Kache akamgeuza.

"Mgeuze tena," akasema Mbeyu. "Polepole."